Lisemwalo Lipo, Lakini kwa Bei Gani? Namna ya Kupima Tetesi za Kadi Mpya za Grafiki

Katika duka dogo la kuunga kompyuta ninapofanyia kazi hapa Mombasa, si mbali na Barabara ya Digo, kuna swali ambalo halipiti juma bila kuulizwa: je, ninunue kadi ya grafiki (kile kipande cha kompyuta kinachochora picha za skrini) sasa, au ningoje zile mpya zinazosemwa? Anayeuliza huwa ameshika simu yenye picha ya jedwali lililojaa tarakimu, na ndani yake mna bei, wati na mwezi wa kutoka wa kadi ambayo mtengenezaji wake hajaitangaza. Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Katika jambo hili methali hiyo haiko mbali na ukweli, kwani kadi inayosemwa sana mara nyingi huja. Lakini methali haikusema itakuja lini, itauzwa kiasi gani, wala itakula umeme kiasi gani, na hayo matatu ndiyo anayoyahitaji mtu anayenunua kwa pesa za kuhesabu.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuyapima hayo matatu kwa hesabu nyepesi, kisha kuyageuza yawe shilingi, tokeni za umeme na joto la chumba chako. Hauhitaji ujuzi wa uhandisi. Unahitaji kalamu, daftari na kikokotoo cha simu.

Anza kwa kuvunja jedwali

Usiipokee tetesi kama kifurushi kimoja. Jedwali linalotaja bei, wati na tarehe kwa pamoja humfanya msomaji aamini kwamba yote matatu yametoka mahali pamoja na yana uzito sawa, ilhali kiwandani mambo hayo huamuliwa katika nyakati tofauti. Ramani ya chipu yenyewe, yaani idadi ya viini vyake na upana wa njia yake ya memori, hufungwa mapema sana, kwa kuwa tangu ramani ikamilike hadi chipu za kuuza zipatikane hupita miezi mingi, na baada ya hapo hakuna awezaye kuongeza kiini hata kimoja. Wati hufuata, kwa sababu chipu ileile yaweza kuendeshwa polepole ikatumia umeme kidogo au kusukumwa kwa nguvu ikatumia mwingi, na mtengenezaji hubaki na uhuru wa kusogeza kipimo hicho hadi karibu na siku ya kuuza. Tarehe hutegemea hali ya maghala na mwendo wa mshindani. Bei huwa ya mwisho kabisa, na yaweza kubadilika hata baada ya kutangazwa rasmi.

Hilo la bei si nadharia. Julai 2019 AMD ilipunguza bei ya Radeon RX 5700 XT kutoka dola 449 hadi dola 399 siku mbili tu kabla ya kuanza kuuzwa, baada ya mshindani wake, NVIDIA, kuleta kadi zake za RTX Super. Oktoba 2022 NVIDIA iliiondoa kadi ambayo ilikwisha kuitangaza kwa dola 899, yaani RTX 4080 yenye gigabaiti 12, na Januari 2023 kadi hiyo ikarudi kwa jina la RTX 4070 Ti na bei ya dola 799. Ikiwa bei iliyotamkwa na wenyewe iliweza kuvunjika hivyo, ile iliyonong'onwa miezi 8 kabla haiwezi kubebeshwa mzigo wa uamuzi wako.

Kwa hiyo chukua ukurasa mmoja wa daftari kwa kila kadi unayoifuatilia, ukaugawe sehemu nne: chipu na memori, wati, tarehe, bei. Mpangilio huo ndio mpangilio wa kuaminika, kutoka juu kwenda chini. Kando ya kila dai andika siku uliyolisoma na aliyelisema. Tetesi mpya ikija, usifute ya zamani. Iandike chini yake, kwa sababu namna dai linavyobadilika hukufundisha mengi kuliko dai lenyewe. Wati zinazoshuka kutoka 400 hadi 350 na kutulia hapo kwa miezi miwili zina maana. Bei inayoruka kila wiki haina.

Fuata tetesi hadi kwenye mdomo wa kwanza

Mtu anayeishi jirani na bandari ya Kilindini anaijua manifesti ya meli. Anajua kwamba karatasi hiyo haiandikwi ili kumfurahisha yeyote. Huandikwa kwa ajili ya forodha, na ndiyo maana ina thamani ya ushahidi. Tetesi zilizo bora za kadi za grafiki hutokana na karatasi za namna hiyo: orodha za shehena za vipande vya majaribio, maombi ya usajili wa majina ya kadi kwenye Tume ya Uchumi ya Eurasia, na mistari ya programu ambayo AMD na Intel huiweka hadharani ili draiva za Linux, yaani programu za kuiendesha kadi, ziwe tayari mapema. Ukisoma kwamba chanzo ni kimojawapo cha hivi, amini kwamba kitu kipo. Lakini manifesti husema kontena limepakiwa. Haisemi mzigo utauzwa lini Kongowea wala kwa bei gani. Vivyo hivyo, jina lililosajiliwa si tarehe, na mstari wa draiva si bei.

Daraja la pili ni watu wenye rekodi, waliosema jambo kabla ya kizazi kilichopita na likatimia kama walivyosema. Rekodi hiyo huwezi kuiazima kwa mtu. Itakubidi uijenge mwenyewe kwa daftari lako. Daraja la tatu ni kurasa za maduka ya ughaibuni zinazoonyesha bei kabla ya wakati, na hizi nakushauri uzipuuze kabisa, kwa sababu muuzaji huweka tarakimu yoyote ili ukurasa usibaki mtupu.

Na ukiona habari moja katika kurasa 10, usidhani umepata mashahidi 10. Bonyeza viungo hadi ufike kwa aliyeanza. Mara nyingi wote 10 wamemnukuu mtu mmoja, na mtu huyo alisema "huenda".

Kagua hesabu ya memori

Kuna kipimo kimoja ambacho hukamata tetesi za kubuni kwa dakika moja, nami hushangaa kwamba hakitumiwi zaidi. Kila chipu ya memori huunganishwa kwa njia yenye upana wa biti 32. Gawa upana wa njia unaotajwa kwa 32, utapata idadi ya chipu za memori; zidisha kwa ukubwa wa chipu moja, utapata gigabaiti. RTX 5070 ina njia ya biti 192, ambayo ni chipu 6, na kwa chipu za gigabaiti 2 jumla ni 12. RTX 5080 ina biti 256, yaani chipu 8 na gigabaiti 16. Chipu zikiwekwa pande zote mbili za ubao idadi huongezeka maradufu, na ndiyo sababu RTX 5060 Ti yenye njia ya biti 128 hupatikana kwa gigabaiti 8 au 16.

Sasa chukua tetesi zilizoenea mwaka 2025 kuhusu kadi za RTX 50 Super, zilizodai kwamba 5070 Super ingekuwa na gigabaiti 18 na 5080 Super gigabaiti 24. Tarakimu hizo huonekana za ajabu mpaka ukumbuke kwamba chipu za GDDR7 (aina ya memori ya kadi hizi) zenye gigabaiti 3 zimeshatengenezwa: 6 mara 3 ni 18, na 8 mara 3 ni 24. Hesabu inakubali, kwa hiyo tetesi inawezekana. Lakini mtu akikuletea kadi ya biti 192 yenye gigabaiti 16, mwambie kwa upole akahesabu upya.

Kuwezekana si kutokea, na hapa ndipo sehemu nne za daftari zinapofaa. Hesabu ya memori ilipita mtihani, lakini tarehe na bei zilibaki zikitegemea jambo jingine. Katika nusu ya pili ya mwaka 2025 bei ya memori ulimwenguni ilipanda kwa kasi kwa kuwa viwanda vilielekeza uwezo wao kwenye seva za akili unde, hata Micron, mtengenezaji wa memori, ikatangaza Desemba 2025 kwamba inaiacha biashara yake ya Crucial ya kuwauzia watumiaji wa kawaida. Kadi ambayo sifa yake kuu ni kuongezewa memori haiwezi kuwa rahisi, wala kuharakishwa, wakati memori ndiyo iliyo adimu. Msomaji aliyetenganisha vipande angeliona hilo mapema. Aliyemeza jedwali zima alibaki akingoja mwezi ulioandikwa.

Wati: hapa usikisie, pima

Mwaka 2022 nilimpotosha mtu. Katika nusu ya kwanza ya mwaka ule tetesi zilienea kwamba RTX 4090 ingetumia wati 600, nami nikamshauri mteja mmoja wa Nyali, mchoraji wa ramani za majengo, anunue mapema pawasaplai (kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta) ya wati 1,200 ili asije akakwama. Kadi ilipotoka tarehe 12 Oktoba 2022 kiwango chake kilikuwa wati 450, na pawasaplai ambayo NVIDIA yenyewe iliipendekeza ilikuwa ya wati 850. Pesa za ziada zilizoingia katika lile sanduku zingemnunulia memori aliyokuwa akiihitaji kweli. Nalisimulia hili kwa sababu kosa lilikuwa langu na gharama ikawa yake, na tangu siku ile simshauri mtu anunue kifaa kwa ajili ya wati za tetesi.

Badala yake, tumia vipimo vitatu.

Kipimo cha kwanza ni plagi. Sloti ya mazabodi, yaani tundu la ubao mkuu ambamo kadi huchomekwa, hutoa wati 75. Plagi ya pini 6 huongeza 75, ya pini 8 huongeza 150, na ile mpya ya pini 16 imeidhinishwa kubeba hadi 600. Ikitokea picha ya kweli ya kadi yenye plagi moja ya pini 8, basi kiwango chake hakiwezi kuwa zaidi ya wati 225, hata tetesi ziseme nini. Lakini kumbuka kwamba plagi huonyesha dari tu, haionyeshi matumizi. Plagi ya pini 16 haina maana kwamba kadi itakula wati 600, kama vile bomba pana halina maana kwamba maji yatajaa.

Kipimo cha pili ndicho chenye faida kubwa zaidi, na kinahitaji ujue jambo moja tu: je, kizazi kipya kinahamia kwenye mbinu mpya ya kutengenezea chipu, au kinabaki kwenye ileile? Kadi za RTX 30 zilitengenezwa na Samsung kwa mbinu ya nanomita 8, na za RTX 40 zikahamia kwa TSMC, kampuni ya chipu ya Taiwan, kwenye mbinu ndogo zaidi. Angalia kilichotokea kwenye kadi za kati: RTX 3060 ilikuwa ya wati 170, RTX 4060 ikashuka hadi 115, RTX 3070 ilikuwa ya wati 220, RTX 4070 ikawa 200. Kisha kizazi cha RTX 50 kikabaki kwenye mbinu ya jamii ileile ya TSMC, na wati zikapanda ngazi nzima: kutoka 115 hadi 145 kwa 5060, kutoka 200 hadi 250 kwa 5070, kutoka 320 za 4080 hadi 360 za 5080, na kutoka 450 za 4090 hadi 575 za 5090. Sababu yake inaeleweka. Mbinu mpya ya kiwandani huifanya kazi ileile itumie umeme mdogo zaidi. Pasipo mbinu mpya, njia kubwa iliyobaki ya kuongeza kasi ni kuongeza viini na kuvilisha umeme zaidi. Hivyo basi, tetesi ikidai kwamba kizazi kijacho kitaongeza kasi sana bila kuongeza wati, tafuta kwanza kama kuna mabadiliko ya mbinu ya utengenezaji. Yakiwepo, dai hilo lina mantiki. Yasipokuwepo, liwekee alama ya kuuliza.

Kipimo cha tatu ni kompyuta yako mwenyewe. Wengi wetu hapa Pwani tunatumia kompyuta za ofisini zilizokwisha kutumika ng'ambo, zile tunazoziita ex-UK, na hizo aghalabu zina pawasaplai ya wati 180 hadi 300, mara nyingi yenye plagi za kampuni yenyewe ambazo huwezi kubadilisha kwa pawasaplai ya kawaida. Kwa mwenye kompyuta hiyo, mjadala wa kama kadi ijayo itakuwa ya wati 250 au 280 haumhusu. Kadi zinazomfaa ni zile zinazopata umeme wote kutoka kwenye sloti, kama GTX 1650 ya wati 75 au RTX 3050 yenye gigabaiti 6 na wati 70. Swali lake katika kila kizazi ni moja tu: je, kuna kadi mpya isiyozidi wati 75? Kadi za namna hiyo huchelewa sana kutoka, au hazitoki kabisa, kwa hiyo kungoja kwake kuna hatari kubwa kuliko kwa wengine.

Tokeni, joto na chumvi

Ukishapata wati unazoziamini, zigeuze. Chukua kiasi ulicholipa kwenye tokeni ya mwisho, ukigawe kwa uniti ulizopewa, utapata bei yako halisi ya uniti pamoja na tozo zote. Tuseme umepata shilingi 28. Kadi ya wati 250 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa 6 kwa siku, kwa siku 30, hutumia uniti 45, ambazo ni shilingi 1,260. Kadi ya wati 145 kwa saa hizohizo hutumia uniti 26.1, karibu shilingi 730. Tofauti ni kama shilingi 530 kwa mwezi, zaidi ya 6,300 kwa mwaka. Kwa mchezaji wa gemu wa jioni tatu kwa wiki tofauti hiyo ni ndogo. Kwa anayehariri video za harusi kutwa nzima, ni sehemu ya bei ya kadi, na inafaa iandikwe pamoja nayo.

Kinachosahauliwa zaidi ni kwamba kila wati inayoingia kwenye kadi hutoka ikiwa joto, na joto hilo hubaki chumbani. Anayeandika tathmini akiwa katika mji wa baridi anaweza kusema kadi ya wati 300 "inapoa vizuri". Chumba chake kina nyuzi 20. Wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, chumba cha juu kule Majengo chenye dirisha moja kinaweza kuwa na nyuzi 32 kabla hata kompyuta haijawashwa. Feni za kadi hazitengenezi ubaridi. Zinasukuma hewa iliyopo tu, kwa hiyo kadi yako itakuwa na joto la nyuzi 10 au zaidi kupita ile ya mtathmini, feni zitapiga kelele, na huenda kasi ikapungua. Wenye kiyoyozi nao wakumbuke kwamba kila wati ya kadi ni mzigo mwingine juu ya kiyoyozi, na tokeni hulipia vyote viwili. Kwa sababu hiyo, katika mji huu mimi huwapendekezea wateja wangu kadi ya ngazi moja chini yenye wati chache, hata pale wanapoweza kumudu ya juu. Na anayekaa karibu na bahari, kama Mji wa Kale au ufukwe wa Nyali, apulize vumbi mara nyingi zaidi, maana hewa ya chumvi yenye unyevu ikichanganyika na vumbi huvila vyuma taratibu.

Jambo jingine ni UPS, kile kisanduku cha betri kinachoishikilia kompyuta umeme unapokatika. Ndogo za VA 650 zinazouzwa sana madukani aghalabu hazifiki wati 400. Kadi ya wati 250, prosesa, na skrini vikiunganishwa humo vitaifanya UPS ilie na kuzima mara tu umeme unapokatika, jambo ambalo ndilo ulilotaka kuliepuka.

Tarehe: hesabu miezi, kisha ongeza safari

Badala ya kutegemea mwezi uliotajwa na tetesi, tazama mwendo uliokwisha kupita. GTX 1080 ilianza kuuzwa Mei 2016, RTX 2080 Septemba 2018, RTX 3080 Septemba 2020, RTX 4090 Oktoba 2022, na RTX 5090 tarehe 30 Januari 2025. Pengo kati ya vizazi hivyo limekuwa kati ya miezi 24 na 28. Ukiongeza miezi hiyo juu ya Januari 2025, kizazi kinachofuata cha NVIDIA kingeangukia kati ya Januari na Mei 2027 ikiwa mwendo hautabadilika. Uhaba wa memori waweza kuusogeza mbele. Sioni sababu nzito ya kuurudisha nyuma. Tetesi inayodai kwamba kizazi kizima kitatoka baada ya miezi 18 inadai jambo ambalo halijatokea katika muda huo wote, na mdai ndiye anayepaswa kuleta ushahidi. Matoleo ya katikati, yale ya Super, hayana mwendo thabiti hivyo: ya kizazi cha RTX 20 yalikuja baada ya takriban miezi 10, ya RTX 40 baada ya miezi 15, na RTX 30 haikupata Super hata moja.

Usiishie hapo. Tarehe inayosemwa kwa kawaida ni ya kadi kubwa, na wengi wetu hatununui kadi kubwa. RTX 3060 ilichelewa miezi 5 nyuma ya 3080, RTX 4060 ilichelewa zaidi ya miezi 8 nyuma ya 4090, na RTX 5060 karibu miezi 4 nyuma ya 5090. Kwa hiyo anayelenga kadi ya daraja la 60, yaani yenye jina linaloishia na 60, aongeze miezi 4 hadi 8. Kisha aongeze safari: mzigo wa kwanza huenda Marekani, Ulaya na Asia ya Mashariki, na unaotufikia sisi hupitia Dubai au Nairobi kabla ya kuteremka Mombasa. Katika mauzo ya duka letu sijawahi kuona kadi mpya ya bei ya kati ikifika kwa wingi na kwa bei iliyotulia kabla ya miezi miwili au mitatu kupita. Tangazo la Januari, kwa mnunuzi wa Tudor anayetaka kadi ya daraja la 60, maana yake ni Agosti, na pengine Novemba.

Bei: igeuze kabla ya kuiamini

Bei inayotajwa ni ya dola, ya Marekani, na haina kodi ya mauzo ndani yake. Chukua mfano wa RTX 5070, iliyotangazwa kwa dola 549. Kwa dola moja ya shilingi 129, hizo ni takriban shilingi 70,800. Kisia usafiri na bima kuwa shilingi 4,000, upate 74,800. VAT ya asilimia 16 juu ya kiasi hicho ni karibu 12,000. Tozo za tamko la uagizaji na za reli, nazikisia kuwa 3,500. Jumla inakaribia 90,300, na muuzaji akijiwekea asilimia 10, kadi inasimama dukani kwa takriban shilingi 99,000. Gawa 99,000 kwa 70,800 utapata 1.4. Tarakimu hiyo ndiyo ninayoitumia: dola, mara kiwango cha siku, mara 1.4. Muuzaji akitaja bei iliyo chini sana ya hapo, uliza kama kadi ni mpya na kama ina dhamana. Akitaja iliyo juu sana, subiri.

Sasa pima uzito wa tetesi kwa kipimo hicho. Watu hubishana usiku kucha kama kadi itauzwa dola 549 au 599. Tofauti ya dola 50 kwetu ni takriban shilingi 9,000. Lakini mwanzoni mwa 2024 dola ilifika karibu shilingi 160, na kwa kiwango kile kadi hiyohiyo ya dola 549 ingesimama kwa zaidi ya shilingi 122,000, bila mtengenezaji kuongeza hata senti. Mnunuzi wa Mombasa ana sababu ya kufuatilia kiwango cha shilingi kwa bidii kuliko anavyofuatilia minong'ono ya bei.

Kumbuka pia kwamba bei ya kutangazwa si bei ya rafu. RTX 3080 ilitangazwa kwa dola 699 mwaka 2020, na kwa muda mrefu wa mwaka 2021 haikupatikana kwa chini ya maradufu ya hapo, kwa sababu, pamoja na mengine, wachimbaji wa sarafu za kidijitali walizinunua kwa wingi. Ethereum, mojawapo ya sarafu hizo, ilipoacha uchimbaji Septemba 2022, kadi zilizotumika zikamwagika sokoni na bei zikaporomoka. Somo la vitendo ni hili: unapopima tetesi ya bei, uliza nani mwingine anaitaka chipu hiyo au memori hiyo. Mwaka 2021 walikuwa wachimbaji. Sasa ni vituo vya data.

Jiwekee siku ya mwisho

Mwishoni mwa mwaka jana kijana mmoja anayepiga na kuhariri video za harusi alinijia akasema, "Kaka, nimengoja tangu Juni. Ningoje tena?" Nikamuuliza kazi yake nyingi inaanza lini. Akajibu kwamba Ramadhani ikiisha tu, Mfungo Mosi, harusi hufuatana Alhamisi hadi Jumapili. Tulihesabu pamoja kurudi nyuma: kadi lazima iwe imefungwa na kujaribiwa mwezi mmoja kabla, yaani mwanzo wa Ramadhani, kwa hiyo lazima inunuliwe wiki mbili kabla ya hapo. Siku hiyo tukaiandika katika daftari lake kama siku ya mwisho, pamoja na masharti matatu ya kungoja kupita hapo: mtengenezaji awe ametangaza rasmi, kadi iwe ya daraja analoweza kulipia kwa kipimo cha 1.4, na wati zake ziweze kubebwa na pawasaplai aliyonayo.

Fanya vivyo hivyo. Tafuta siku ambayo kazi yako inaihitaji kadi, rudi nyuma kwa muda wa kuifunga na kuijaribu, weka alama. Hadi siku hiyo, soma tetesi zote utakazo na uziandike. Siku hiyo ikifika bila masharti matatu kutimia, nunua iliyopo. Ikiwa yametimia kwa kadi ambayo bado haijafika nchini, ongeza miezi miwili hadi mitatu ya safari uone kama kazi itavumilia.

Kijana yule masharti hayakutimia. Alinunua RTX 5060 Ti ya gigabaiti 16, wati 180, kwa sababu memori hiyo inambeba katika video za 4K na pawasaplai yake ya wati 600 ilitosha bila kuguswa. Ukurasa wa tetesi hakuuchana; bado anauandikia, kwa ajili ya kizazi kijacho.